Usikisifu Kitabu cha Mbuzi

Élisabethville, tarehe 15 Mei 1955

Kwa dada yangu mpendwa, yaya Wivine,
Mokambo.

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Godefroid na watoto wote, pamoja na huyo mdogo aliyechagua wiki ya msiba kuja duniani. Natumaini homa ile ya uzazi imekuacha na kwamba maziwa yanatoka vizuri. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mke wangu Laurentine anakusalimu, anasema vikwembe viwili vya mama vya kujifunga ambavyo wanawake walikutengea amevifua na kuvikunja, vinakungoja. Mvua zimekwisha, asubuhi kuna baridi, na vumbi limerudi mahali pake pa kila mwaka, yaani ndani ya chai yetu.

Barua yako niliipata kwa mkono wa yule dereva wa lori la makaa. Ilikuwa fupi. Hukuuliza jeneza lilikuwa la mti gani, wala nani alikula sana. Uliuliza neno moja tu: kama Mbuzi walikuja, au kama mama alizikwa kimya kama mtu asiye na kwao. Nitakujibu, ila siwezi kukujibu kwa ndiyo wala kwa hapana, maana jibu lenyewe lilichukua njia ndefu kufika. Vumilia kidogo. Unanijua, sijawahi kusema jambo fupi.

Najua shemeji atataka kusomewa barua hii, na kwao kaskazini mambo haya wanayafanya namna yao. Basi mweleze kwamba sisi, kwa upande wa mama, ni watu wa ukoo wa Chui, na watani wetu ni watu wa ukoo wa Mbuzi. Kwa kuwa chui anamla mbuzi, Mbuzi wana haki ya kututukana mbele ya watu, nasi tuna haki ya kuwatukana, na anayekasirika ndiye mjinga. Chui akifa, ni Mbuzi wanaokuja kuchekesha matanga. Wanavaa nguo za marehemu, wanaiga alivyotembea na alivyosema, wanachukua kuku bila kuomba. Mbuzi akifa, ni sisi. Chui asiyechekwa na Mbuzi siku yake hakuzikwa, alifukiwa tu. Ndiyo maana swali lako lilinichoma.

Tatizo ni kwamba Mbuzi wa mjini wamepungua. Wengi wamerudi Lukafu kulima. Mzee Mwansa, aliyekuwa mdomo wao, alikufa mwaka jana. Wako wanawake wachache upande wa Katuba, lakini hao walisema hawawezi kuanza kusema mahali ambapo mwanamume wao yupo. Na mwanamume wao ni Léonard Kalaba. Unamkumbuka Léonard, yule jirani yetu mwembamba, ukimsalimu anaviangalia viatu vyako kama ndivyo vilivyosalimu. Mbuzi mmoja wa kumzika mama, na Mbuzi huyo hana sauti. Sasa nirudi nyuma, maana habari ya matanga ya mama ilianza na kitabu.

Léonard anafanya kazi katika kiwanda kidogo cha kuchapa, cha Mwitaliano mmoja, nyuma ya soko. Anapanga herufi za risasi, mikono yake ni myeusi mpaka siku ya Pasaka. Mwaka juzi alimwomba bwana wake ruhusa ya kubaki baada ya kazi na kutumia mabaki ya karatasi. Sijui aliombaje. Agnès, mke wake, anasema alizunguka na ombi hilo majuma mengi kama mtu aliyemeza mfupa. Mwisho akachapa kitabu chake mwenyewe, kidogo, cha hadithi za Mbuzi na Chui. Majalada aliyakata kwenye makaratasi magumu ya masanduku ya sabuni, kwa hiyo ukikifungua unakuta nyuma ya jalada nusu ya mwanamke anayefua, au kichwa chake, au beseni tu. Padri alikisoma kwanza. Alisema hakuna dhambi ndani yake, ingawa Chui anateswa kupita kiasi.

Na kweli anateswa. Katika kila hadithi Mbuzi anashinda na Chui anaaibika. Ile ya kisima ndiyo mbaya kuliko zote. Mbuzi anamdanganya Chui kwamba maji ya kisima fulani yanafuta madoa ya ngozi, na Chui, kwa kupenda kupendeza, anaingia.

Basi vitabu vikakaa ndani, chini ya kitanda cha Léonard, na mchwa wakaanza kuulizia. Agnès akamwambia atoke akaviuze. Alitoka. Mara ya kwanza alivipanga juu ya ukuta wa kanisa baada ya misa, akaweka jiwe juu visipeperuke, kisha akaenda kusimama mbali kama mtu anayengoja mwingine. Wakristo wema wakadhani ni katekisimu zilizosahauliwa na watoto wa mafundisho. Wakavikusanya vyote na kuvirudisha sakristia, na Léonard hakufungua kinywa. Ilibidi Agnès aende kuvidai kwa padri. Mara ya pili alikaa sokoni kando ya mama mmoja muuza karanga, vitabu magotini, jalada limeangalia chini. Yule mama akamuuliza: «Baba, unauzisha makaratasi?» Akamwomba moja ya kufungia karanga. Yaya, alimpa. Alimpa, akakaa, akaangalia hadithi zake zinaondoka na karanga ndani.

Mimi habari hizi nilizisikia nikacheka, nikaendelea na kazi yangu. Unajua nauza nguo katika duka la Mgiriki, na kwa kuuza sina wa kunifundisha. Mteja hanunui kitu unachokisifu. Ukimwambia kikwembe hiki ni kizuri, anakishika kwa vidole viwili kama kinanuka. Ukimwambia hiki usikiguse, mama, hiki si cha watu wa mtaa wa Kenya, kimewekwa kwa wake za makarani, basi ataacha posho ya juma akichukue. Lakini kitabu cha Léonard hakikuwa mzigo wangu.

Aliyekifanya kuwa mzigo wangu ni mama. Siku moja nilirudi kutoka dukani nikamkuta ameketi mlangoni na kitabu kile mapajani. Mama, ambaye hakujua hata a. Akanitupia, akaniuliza: «We uko Chui gani? Mbuzi banakuchekelea mpaka mu kitabu, na unanyamaza?» Nilimuuliza amekipata wapi. Akasema kilikuwa kimefunga karanga. Nikakisoma usiku huohuo, nikaona kweli, ukoo wetu umepakwa matope kutoka ukurasa wa kwanza mpaka beseni la sabuni.

Juma lile mzee Mwansa akafa. Alikuwa Mbuzi, kwa hiyo zamu ilikuwa yetu. Nilivaa kofia yake, nikaiga kikohozi chake, watu wakacheka. Kisha nikatoa kitabu mfukoni, nikakishika kwa vidole viwili. Nikasema: «Bantu ba Mbuzi, mulimaliza majani yote, mukaanza kula makaratasi. Sasa moja kati yenu alikula ya mingi, inamutokea ku mikono!» Léonard alikuwa amekaa karibu na moto. Hakuwa na mahali pa kuuficha uso, akauficha ndani ya kikombe. Nikasoma kipande cha kisima kwa sauti ya mbuzi, nikasema ni upuuzi, nikasema mtu mwenye akili asikiguse, na anayekinunua atakuwa anakula majani kabla ya Noeli.

Asubuhi yake watu walikuwa mlangoni kwa Léonard. Hawakuomba kitabu cha hadithi. Waliomba kile cha upuuzi.

Baada ya hapo sikungoja Mbuzi wafe. Kwenye kila matanga ya jirani, kwenye ndoa, kwenye vibuyu vya pombe ya munkoyo, popote nilipomwona Léonard nilikitukana kitabu chake, na kila nilipokitukana kilitoka. Vijana wa shule walikisoma kwa sauti barabarani. Mtu mmoja alikibeba mpaka Kasumbalesa. Léonard alikuja dukani siku moja, akasimama katikati ya wateja, nikafikiri sasa atanipiga. Akanunua uzi. Alirudi juma lililofuata, akanunua uzi mwingine, kisha akaniambia kwa sauti ya chini sana kwamba nimesahau kuitukana hadithi ya ngoma, nayo watu hawaifahamu. Huo ndio ujasiri wote niliomwona nao mwaka ule.

Mama alikuwepo kila mahali. Alikaa upande wa wanawake, akacheka mpaka kitambaa kinamdondoka kichwani. Nilijivuna, sitakuficha. Nilijua anafurahia ulimi wa mwanawe. Siku moja nilitia chumvi yangu, nikasema Chui alitumbukia kisimani kichwa kwanza. Akanikata palepale, mbele ya watu. Alisema hapana, aliingia kwa mkia, kinyumenyume, maana mpaka mwisho alitaka uso ubaki juu uonekane, na alikuwa bado anauliza kama madoa yametoka. Watu walicheka kuliko waliponicheka mimi. Nyumbani nikaangalia kitabuni, nikakuta ni mkia. Nikadhani Agnès amemsomea.

Mama aliugua mwezi wa Machi. Ulipata habari wakati nawe huwezi kusimama, kwa hiyo sirudii. Alikufa polepole na kwa adabu, kama alivyofanya mambo mengine yote isipokuwa kucheka.

Siku ya kumzika mama, Léonard alikuja. Alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Padri akasali, tukaimba, watu wakamgeukia Léonard. Watu wote, yaya. Tulingoja Mbuzi aruke, azuie jeneza, adai chochote, aseme hata neno moja baya. Aliangalia viatu vya waliokuwa mbele yake. Udongo ukaingia. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hasira, maana nilikuwa nimempa mtu yule mwaka mzima wa mdomo wangu, na siku yangu moja hakuwa na neno la kunirudishia. Kama ungeniuliza jioni ile, ningekuandikia kwamba mama alifukiwa.

Tulikaa matanga. Siku ya kuyavunja, baada ya chakula, wakati watu wanaanza kutafuta viatu vyao, Léonard akaingia uani anasukuma baiskeli. Nyuma amefunga kisanduku. Aliiegemeza baiskeli ukutani, ikaanguka, akaiegemeza tena. Kisha akaenda moja kwa moja kwa wanawake, akaomba kikwembe cha mama na kitambaa chake cha kichwani. Akajifunga. Akavuta kigoda cha mama, akakaa, akakunja mguu mmoja chini ya mwingine kama alivyokuwa anakaa mama, na akapangusa mdomo kwa kona ya kikwembe.

Hapo watu walinyamaza, maana sauti ya Léonard ni ndogo na ukitaka kuisikia lazima uache kutafuna. Lakini haikuwa sauti ya Léonard. Alianza hadithi ya kisima. Ilikuwa mama. Ilikuwa lile «sasa sikia» lake kabla ya neno tamu, ilikuwa kule kuguna kwake, kule kusimama katikati na kuchungulia kama kuku ameingia jikoni. Bibi mmoja alipiga kelele akaita jina la mama. Wengine walicheka huku wanalia, nami nilisimama kama mti. Chui akaingia kisimani kwa mkia. Akauliza kama madoa yametoka.

Halafu Léonard akavua kitambaa, akakiweka magotini. Alisema, bado anaangalia chini: «Mi niko Mbuzi, na Mbuzi iko mwizi. Hii kitabu niliiba. Niliiba yote mu kinywa ya uyu mama.» Akanyoosha mkono akanionyesha mimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliniangalia usoni. «Na mutoto wake, muone. Mwaka muzima iko anatukana maneno ya mama yake pa matanga ya bantu. Na mama iko pale. Iko anacheka!»

Yaya, ua mzima ulianguka kwa kicheko. Sijui niseme namna gani. Watu walishikana, wengine walikaa chini kwenye vumbi na nguo zao za msiba. Wanawake wa Mbuzi kutoka Katuba, waliosema hawawezi kuanza, wakaanza. Walichukua kuku wawili na sufuria. Mmoja alinivalisha sufuria hiyo kichwani. Kwa desturi zamu ilikuwa yangu kujibu, nami nilifungua kinywa. Laurentine anasema hajawahi kuniona nimefungua kinywa na hakitoki kitu. Nilicheka, kisha nikalia mbele ya wateja wangu wote, na sikuona aibu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: Mbuzi walikuja. Walichelewa, lakini walikuja, na hakuna Chui katika mji huu aliyewahi kuchekwa vizuri kama mama yetu.

Jioni, watu walipoondoka, Léonard alinisaidia kukunja mikeka, na akiwa amenipa mgongo aliweza kusema. Alisema ilianza wakati mimi niko shule ya misheni, wewe umekwisha kuolewa. Alikuwa anakuja kumtwangia mama mizizi ya munkoyo, na mama alikuwa anasimulia. Hadithi hizo ni zake, nyingine alizipata kwa bibi, nyingine alizitunga mwenyewe huku anachuja munkoyo. Nilimuuliza kwa nini Mbuzi anashinda kila mara, wakati msimuliaji ni Chui. Akasema naye alimuuliza mama hivyohivyo. Mama alijibu kwamba mgeni akija kukutwangia kazi yako, humpi mfupa, unampa nyama.

Nilimuuliza kwa nini mama hakutusimulia sisi. Alimaliza kukunja mkeka aliokuwa nao. Kisha akasema mama alisema watoto wake ni wazuri, ila hawajui kunyamaza.

Sikukasirika. Nilikumbuka nyumba yetu, wewe unaongea, mimi naongea, baba anagomba na redio ya jirani, na mama amekaa na ungo wake. Nilisikitika, yaya, na bado nasikitika. Nadhani nawe utasikitika, kwa hiyo nakuandikia ukiwa umekwisha pata nguvu.

La mwisho alilonieleza ni hili. Alitaka kuweka jina la mama mbele ya kitabu. Mama alikataa. Alisema jina lake likionekana, mimi Adalbert nitakibeba kila mahali nikikisifu, na kitu kinachosifiwa na mwana wa mwenyewe kinaozea sokoni. Akamwambia achape tu, na kazi ya kukitoa nje amwachie yeye. Kitabu kile alichonitupia hakikufunga karanga yoyote, yaya. Alikichukua kwa Léonard mwenyewe, akaja kunitupia pale mlangoni. Mimi nauza nguo tangu ujana wangu na nilijiona bwana wa kuuza, kumbe nilikuwa mkoba tu, mwenye mali amekaa upande wa wanawake.

Kile kisanduku cha baiskeli kilikuwa na vitabu vya mwisho. Viliondoka siku ileile, watu walivigombea kama nyama. Mwitaliano amekubali Léonard achape tena, na safari hii Léonard anataka jina la mama liwekwe. Mimi na yeye tumekubaliana tukuulize wewe, uliye mkubwa. Mimi nasema liwekwe, lakini ukurasa wa mwisho kabisa, kando ya beseni la sabuni, ambapo mtu anafika akiwa amekwisha cheka. Utatuambia.

Nakutumia vitabu sita kwa dereva huyuhuyu. Kimoja ni chako. Vingine uwape watu wa huko wanaovuka mpaka. Nakuomba kitu kimoja: usikisifu. Waambie ni upuuzi wa Mbuzi mmoja, waambie kaka yako alikataza kisisomwe.

Jumapili iliyopita palikuwa na matanga kwa akina Mumba. Léonard alikuwepo karibu na moto na kikombe chake. Nilifikiri sitaweza tena, kisha nikafikiri nikinyamaza mama ataniona mjinga. Nikasimama, nikakitukana kuliko siku zote. Makusudi nikasema Chui alitumbukia kisimani kichwa kwanza. Watu walicheka. Upande wa wanawake walicheka pia, na hakuna aliyenikata.

Nikomee hapo, taa inaishiwa mafuta. Msalimie shemeji, mwambie karamu ya mtoto isifanyike kabla sijafika. Mbusu huyo mdogo, na akianza kusikia msomee ile ya kisima. Ukimaliza kila ukurasa, nyamaza kidogo, umsikilize naye anasema nini.

Mimi mdogo wako anayekupenda,

Adalbert Chanda